Mujinga ni Jina

Kuta za mawe ya matumbawe zina harufu yake. Ni harufu ya chokaa iliyolala na chumvi kwa miaka mingi, ikachanganyika na kinyesi cha popo na mbao za zamani zilizopakwa mafuta. Mtu aliyelelewa Katuba, mtaa wa Lubumbashi huko Kongo, ambako nyumba zinanuka tofali za udongo, moshi wa makaa na vumbi jekundu la kiangazi, akishaivuta mara moja haisahau. Mimi niliivuta nikiwa na miaka kumi na mmoja, likizo kubwa ile ambayo mama alinichukua kwenda naye Tanzania. Alikuwa na meza ya bitenge na sandali katika soko letu, na kila mwaka baada ya Pasaka alianza kuzungumzia safari ya Dar es Salaam kama watu wengine wanavyozungumzia harusi. Mwaka ule baba, aliyekuwa fundi wa reli, alipangiwa kazi mbali na nyumbani, na kambo yangu, yaani mama yake mama, alikuwa mzee mno kukimbizana na mtoto kama mimi. Basi mimi na mama tulipanda basi, tukavuka mpaka wa Kasumbalesa, tukaikata Zambia nzima nikiwa nimelalia begi, na siku tulipoyaona maji ya bahari nilimwuliza mama kama ng'ambo yake ni ile ile ya ziwa letu dogo la Karavia. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia pwani, na ndicho cha pekee ambacho hakikuniuma.

Mzigo ambao mama alikuja kuuchukua ulikwama bandarini. Kila tulipokwenda kuuliza tuliambiwa tusubiri, na ngoja ngoja huumiza matumbo, hasa matumbo ya mfanyabiashara. Wenzake mama kutoka Lubumbashi walibaki Dar, wamejazana katika nyumba moja ya wageni. Mama hakulipenda joto la pale wala umbea wake, akatafuta chumba katika mji mdogo wa pwani, kaskazini ya jiji, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nyororo, aliyekaanga maandazi barazani kwake kila alfajiri na kuyauzia mtaa mzima kabla jua halijapanda. Alitupokea vizuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa kukanda unga, na nililipenda. Tatizo lilianza pale alipomwuliza mama aitweje. Kwetu mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake, anaitwa kwa jina la mtoto, kwa hiyo mama alijibu kwa heshima zote kwamba yeye ni Mama Mujinga. Bi Zuhura aliweka mwiko chini. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akauliza taratibu mtoto ana maradhi gani.

Lazima nieleze, maana najua unayenisoma huenda nawe umetabasamu. Kwetu sisi Waluba, mtoto anayezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni huitwa Mujinga, kutokana na neno letu la kuzungusha na kufunga. Ni jina la mtoto aliyepita kwenye mlango mwembamba akatoka mzima. Lubumbashi utawakuta kina Mujinga benki, hospitalini na kwenye viti vya mbele kanisani, na ingawa nasi tunalijua neno la Kiswahili la mtu asiye na akili, hakuna mtu mzima anayechanganya mambo hayo mawili. Pwani hakuna aliyejua. Watoto wa mtaa wa Bi Zuhura walinizunguka siku hiyo hiyo. Waliniuliza jina, nikawaambia, wakaanguka mchangani kwa kicheko. Kesho yake walirudi na wenzao, wakaniuliza tena ili wenzao wasikie. Ikawa mchezo wa kila asubuhi. Mmoja anauliza kwa adabu kabisa, "Eti wewe ni nani?" nami najibu, na kila nilivyojibu ndivyo walivyopata siku njema. Nikijitetea, walicheka na Kiswahili changu pia: niliposema "bantu" badala ya watu, na niliposema kitu "iko" mahali ambapo wao wana maneno manne tofauti. Nilikuwa hodari wa maneno nyumbani. Kule nilijifunza kunyamaza, na kwa mtoto mwenye mdomo kama wangu kunyamaza ni ugonjwa.

Mama aliona. Jioni moja alinikalisha kwenye kitanda cha kamba, akanifunga nywele, na huku akiwa nyuma yangu nisimwone uso aliniambia, "Huku utaitwa Mariamu. Iko jina yako ya batizo, hatudanganye muntu. Ni siku kidogo tu."

Niliuliza, "Na kambo akijua?"

Alivuta nywele kwa nguvu zaidi. Sikuwa nimeuliza ili nimtie hofu. Nilitaka kujua kweli. Maana jina lile sikulipata kwa sababu ya kitovu. Nilizaliwa shingo wazi kama watoto wengine. Nililirithi. Kambo alikuwa amenisimulia mara nyingi, akiwa amekaa mkekani akichambua maharagwe, jinsi zamani sana, kule kaskazini ya Katanga karibu na mto Lualaba, binti mmoja wa ukoo wetu alivyokwenda kuteka maji asirudi. Misafara ya watu wenye bunduki ilikuwa ikipita. Mtungi wake ulikutwa umekaa wima ukingoni, umejaa. Mama yake hakukubali kulia kilio cha msiba. Alisema mtoto hajafa, amechukuliwa, na aliyechukuliwa anaweza kurudi. Binti mwingine alipozaliwa katika ukoo, akampa jina lile lile, ili Mujinga akirudi akute mahali pake pamekaliwa na mtu wa kumpisha. Huyo naye alipokua akampa mwingine. Tangu hapo hakuna kizazi chetu kilichokaa bila Mujinga mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika zamu, na sasa nilikuwa nimeambiwa niiweke chini, tena kwenye nchi ile ile ambako kambo alisema njia ya misafara iliishia.

Nikawa Mariamu. Bi Zuhura alifurahi, akaliita jina hilo kwa mapenzi, na watoto wa mtaa, walipokosa cha kuchekea, waliniacha. Niseme kweli, ilikuwa starehe. Lakini kila nilipoitwa nilichelewa kugeuka, kama mtu aliyevaa gauni la kuazima ambaye hawezi kuinama kwa raha.

Ili tusikae barazani kuhesabu siku, mama alianza kunipeleka kwenye nyumba za makumbusho. Mji ule ulikuwa mdogo lakini ulijaa historia, na karibu kila jengo lenye nguzo nene lilikuwa limegeuzwa mahali pa kutunza vitu vya kale. Mama hakuwa msomi wa historia. Alikuwa na tabia ya sokoni: hawezi kupita mahali palipopangwa vitu bila kuingia, kuvikagua na kuuliza vimetoka wapi. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya tajiri mmoja wa zamani. Tuliona mlango uliochongwa maua na minyororo ya mbao, vitanda virefu vya kupandia ngazi, sahani za kaure zilizopangwa ukutani, na kiti ambacho tajiri alikalia akihesabu pembe zake za ndovu. Chini ya kila kitu kulikuwa na kibao chenye maelezo. Niliyasoma kwa sauti, kwa sababu mama alipenda kusomewa. Jina la mwenye nyumba lilikuwepo, na la baba yake, na la babu yake, na la wake zake, na la seremala aliyeuchonga mlango, na hata la punda wake mweupe aliyesifiwa kwa mwendo. Mama alisikiliza yote akiwa ameshika kiuno. Tulipotoka juani alisema kwamba watu wa nyumba ile walipendwa sana, maana hata punda hakusahauliwa.

Ya pili tulikwenda siku mbili tatu baadaye. Ilikuwa jengo la ghorofa moja karibu na ufuko, lenye madirisha madogo ya nondo, na ndani yake ile harufu niliyoitaja ilikuwa nzito kuliko mahali pengine pote. Siku hiyo kulikuwa na wanafunzi wa shule waliovaa sare za bluu, pamoja na walimu wao, na sisi tulijiunga nao nyuma. Aliyetuongoza alikuwa kijana mchangamfu, Bwana Saidi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani na mizaha ya kuwafanya watoto wasichoke. Alitueleza biashara ya nazi, akatueleza mvua na misimu, kisha akatuingiza katika chumba cha mwisho. Hapo kulikuwa na minyororo. Mirefu ilitandazwa sakafuni; mingine, yenye pete za shingoni, ilitundikwa ukutani, na nakumbuka jinsi pete moja ilivyokuwa ndogo. Nilijipima kwa macho. Ingenitosha. Kibao chake kilikuwa na mistari michache tu: kwamba hivi vilitumika kuwafunga watu walioletwa kutoka bara. Nilimsomea mama. Alinisubiri niendelee, nikamwambia imeisha.

Bwana Saidi, labda akitaka kuwaamsha wanafunzi waliokuwa wameshikwa na ubaridi wa chumba kile, alisema kwamba katika wageni wetu wa leo huenda wapo waliotoka bara hiyo hiyo. Akaniona. Akaniuliza kwa uchangamfu, "Wewe binti, unaitwa nani, na umetoka wapi?"

Mama aliweka mkono begani pangu. Nilijua maana ya mkono ule. Nilikuwa na jina jepesi tayari mdomoni, jina ambalo lisingemchekesha mtu yeyote. Lakini nilikuwa naiangalia ile pete ndogo, na nikafikiri kwamba kama yule Mujinga wa kwanza aliwahi kuulizwa swali hilo katika mji huu, basi hakuwa na mama nyuma yake wa kumshika bega. Nikasema, kwa Kiswahili chetu, "Jina yangu ni Mujinga. Natoka Lubumbashi."

Kicheko kilijaa chumba. Wanafunzi walishikana mabega. Mwalimu mmoja alijaribu kuwanyamazisha huku naye akiziba mdomo. Bwana Saidi mwenyewe alicheka, si kwa ubaya, akasema kwamba mzazi aliyetoa jina hilo alikuwa na haraka. Nilihisi masikio yakiwaka. Sikulia, na sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nimechoka kukiinamisha. Nikalirudia, polepole zaidi, kama mtu anayemsaidia asiyesikia vizuri: "Mujinga."

Ndipo mkono wa mama ulipoondoka begani pangu. Alipita katikati ya wanafunzi, na wakampisha, kwa sababu mama alikuwa na mwili wa kupishwa, akasimama kando ya minyororo. Hakupandisha sauti. Alisema, "Huyu mutoto hakuitwa hivi juu ya akili. Ile jina ilikuwa ya binti moja wa kwetu. Balimukamata ku muto, anateka maji, bakamuleta huku. Hakurudia. Sisi tunaichunga jina yake mpaka leo." Kisha akamgeukia Bwana Saidi. "Kule nyumba ingine mumeandika mpaka jina ya punda. Ya hawa benye minyororo iko wapi?"

Hakuna aliyecheka lafudhi yake. Bwana Saidi alikuwa mtu mwema, hilo nalisema bila kusita. Hakujifanya hodari. Alimjibu mama kwa upole kwamba majina hayo hayakuandikwa popote, kwani waliowaleta watu hao hawakuwauliza walikuwa wakiitwa nani. Akaongeza kwamba yeye hana ruhusa ya kuongeza neno kwenye kibao. Hayo yalikuwa ya wakubwa.

"Sikuomba muandike ku ukuta," mama alisema. "Naomba munyamaze kidogo."

Walinyamaza. Sauti ya mawimbi iliingia kwa dirisha la nondo. Mama alifumba macho, akajaza kifua, akaita kama wanavyoita akina mama wa Katuba jioni, mtoto akiwa mtaa wa tatu na chakula kiko tayari. "Mujinga ee!" Sauti iligonga kuta ikarudi. Aliita tena. Mara ya tatu koo lilimpasuka, jina likatoka nusu. Mimi sikupanga lolote. Mtoto akiitwa na mama yake huitika, na jina lililoitwa lilikuwa langu. Nikajibu kutoka mahali niliposimama, "Mi huyu, mama. Niko hapa." Alifumbua macho akaniangalia kana kwamba nimetoka mbali sana, na uso wake ulikuwa umelowa. Msichana mmoja wa sare za bluu alikuwa amevua kofia yake ya jua. Wengine wakamfuata.

Njiani kurudi, mama alinishika mkono kama nilipokuwa mdogo. Alisema alitaka tupite pwani bila matata, na kwamba sasa tutapita nayo. Tulipofika barazani alimweleza Bi Zuhura kwa maneno machache kwamba Mariamu amekwisha ondoka, aliyebaki ni Mujinga, na kama jina linamkera tutatafuta chumba kingine. Bi Zuhura alifunika unga wake kwa kitambaa akaingia ndani.

Asubuhi, tukikanda unga sisi watatu, alianza kuzungumza bila kuinua macho. Alisema bibi yake mzaa baba alizaliwa na mwanamke aliyeletwa kutoka bara. Nyumbani kwao jambo hilo halikusemwa. Ukilisema wakubwa walikupiga kofi, maana nani angetaka ajulikane ni mjukuu wa mtumwa? Mwanamke huyo aliishi, akazaa, akazikwa karibu na mnazi ambao sasa haupo, na mtaa wote ulimwita Bibi wa Bara. Jina lake hasa hakuna aliyebaki analijua. Bi Zuhura alisema tangu jana alikuwa akijaribu kukumbuka kama aliwahi hata kulisikia, na alichokiona ni kwamba hakuwahi kuuliza. "Sisi tunasema mwacha asili ni mtumwa," alisema. "Basi mimi nimekuwa mtumwa kuliko yeye." Mama hakumfariji kwa maneno matamu, wala hakudai kwamba Bibi wa Bara alikuwa ndugu yetu. Waliochukuliwa walikuwa wengi, kutoka mito mingi. Alimwambia tu kwamba Mungu hakupoteza jina lile, hata kama watu wamelipoteza, akamsogezea bakuli. Watoto wa mtaa walipokuja kununua, mmoja wao akaanza ule mchezo wake wa adabu. Bi Zuhura alimkatiza. Alisema huyu anaitwa Mujinga, na atakayecheka arudi kwao bila andazi. Njaa ya asubuhi ilikuwa mwalimu mzuri.

Mzigo ulitoka bandarini, tukarudi. Bi Zuhura alitusindikiza hadi kituoni, akaniita kwa jina langu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kambo alinipokea Katuba mlangoni, nikamsimulia yote kabla sijavua viatu. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilipomaliza aliuliza swali moja tu. "Balisikia?" Nikamwambia walisikia. Akatikisa kichwa kukubali, akaniomba nimmwagie maji mikononi, akala. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Leo mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, si mbali na mtaa nilikozaliwa. Dunia imejikunja. Tunaambiwa sisi na watu wa pwani ni jumuiya moja, na simu zimetuletea baraza zao hadi kitandani. Lakini kicheko nacho kimesafiri. Mtoto wa Lubumbashi akijirekodi akiongea Kiswahili chake, dakika hiyo hiyo wanajitokeza wa kumsahihisha na wa kumcheka, na wadogo zangu wameanza kufuta "bantu" zao na kujiandika majina ya waigizaji wa nchi za mbali. Mpwa wangu anayeuza nguo kwa simu alinishauri nitumie jina la ubatizo ninapowasiliana na wauzaji wa Dar, ili biashara iende laini. Nilimwambia biashara isiyoweza kupita na jina langu isipite. Ninaandika Kiswahili sanifu, kama unavyoona, kwa sababu nilijifunza na ninakipenda. Ninakiongea cha Katuba kwa sababu ndicho nilichoitiwa kula. Simwombi mtu ruhusa kwa hivyo viwili.

Wala sidanganyi kwamba kosa ni la pwani peke yake. Mjini kwetu kuna jumba dogo la makumbusho ninalowapeleka wanafunzi wangu kila kiangazi. Kuna vigoda vilivyochongwa, vinyago, misalaba ya shaba iliyoyeyushwa na wazee wetu kabla ya mgodi wowote wa kizungu, na chini ya karibu kila kimoja kuna maneno yale yale: aliyekitengeneza hajulikani. Hapa ni kwetu, na bado hajulikani. Basi nimewawekea wanafunzi desturi. Kabla ya kuja, kila mmoja anamwuliza mkubwa wa nyumbani kwao jina la mtu mmoja wa ukoo ambaye hakuna kitabu kilichomtaja. Tukifika chumba cha mwisho ninawaomba wasimame, na wanayaita majina hayo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya jioni ya Katuba. Mwanzoni wanaona haya, wananong'ona. Kisha mmoja anathubutu, na wengine wanapandisha juu ya sauti yake, hadi vioo vya makabati vinatetemeka. Mlinzi hufungua mlango na kutukumbusha kwamba makumbusho ni mahali pa ukimya. Kila mwaka ninamshukuru kwa heshima, ninamwambia ukimya tumeshakaa nao vya kutosha, na ninawageukia watoto niwaambie waanze upya, wale walionong'ona watangulie.